Shahidi na Swali Aliloulizwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa, taa imewashwa, na kila mtu ana kalamu na kipande cha karatasi. Leo hatutaanza kwa kusoma. Tutaanza kwa kuandika, tena neno moja tu.

Kabla redio haijafunguliwa, mwalimu wenu alifanya jambo nililomwomba kwa barua. Mtu mmoja aliingia darasani, akaweka kikapu juu ya meza, akasema na mwalimu maneno mawili matatu, kisha akatoka. Wote mliokuwa mmekwisha kufika mlimwona. Sasa nauliza, na kila mtu aandike jibu lake bila kumtazama jirani yake: Mtu yule alivaa kofia ya rangi gani?

Andikeni. Ikiwa jina la rangi bado linakupa taabu kuliandika, mnong'oneze mwalimu naye atakuandikia.

Haya. Kunjeni karatasi, mziweke mezani. Tutazifungua mwisho wa somo.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali. Mtu ameona ajali, au ameona mwizi akikimbia. Anaitwa, anaulizwa. Zamani watu walidhani kwamba swali ni kama ndoo: unaitumbukiza kisimani, unavuta, maji yanatoka yale yale yaliyokuwamo. Wakati mwingine ndoo ina udongo. Maji yanayotoka yamechafuka, na mwenye kisima anaapa kwamba ndivyo yalivyokuwa tangu mwanzo. Basi twende tukaone watu walivyoligundua jambo hilo, na kwa nini iliwachukua miaka mingi.

Tuanze mahakamani. Mwaka 1872 serikali ya Waingereza katika Bara Hindi ilitunga sheria ya ushahidi, iliyoandikwa na mwanasheria James Fitzjames Stephen. Sheria hiyo ilivuka bahari ikaletwa huku Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Tanganyika iliitumia kwa miaka mingi, na Tanzania ikatunga sheria yake ya ushahidi mwaka 1967. Kenya ilikuwa imekwisha kutunga yake mwaka 1963. Katika zote limo katazo moja. Wakili anayemleta shahidi wake hana ruhusa ya kumwuliza, katika mambo yanayobishaniwa, swali ambalo ndani yake mna jibu analolitaka. Kwa mfano, asimwulize, "Ulimwona mshtakiwa akitoka dukani na panga mkononi, sivyo?" Amwulize, "Uliona nini?" Wakili wa upande wa pili, yeye anaruhusiwa kuuliza maswali ya namna ile, kwa kuwa shahidi si wake na anatazamiwa kumpinga.

Ni sheria nzuri. Lakini tazameni ilikuwa ikiogopa nini. Ilimwogopa shahidi mwenye hila, au shahidi mwepesi wa kuitikia, anayeinua uso kumtazama wakili ajue aseme nini. Yaani iliogopa kwamba swali litauongoza mdomo. Kwamba swali laweza kuiongoza hata kumbukumbu yenyewe, mtu mwaminifu asijijue, hilo halikuwa limepimwa na mtu.

Wa kwanza kulipima vizuri alikuwa Mfaransa, jina lake Alfred Binet. Wengine wanamjua kwa mitihani yake ya akili za watoto ya mwaka 1905. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1900, alitoa kitabu juu ya namna akili ya mtu inavyokubali kusukumwa na mwenzake. Aliwaonyesha watoto wa shule kadi kwa muda mfupi. Juu yake palikuwa na vitu vichache, na kimoja kilikuwa kifungo cha nguo. Kifungo hicho kilibandikwa kwa gundi. Halikuwapo tundu katika kadi, wala uzi.

Kisha akauliza. Watoto wengine aliwaambia waandike tu yote waliyoyakumbuka. Wengine aliwauliza kifungo kilishikizwaje. Wengine aliwauliza kama hakikushikizwa kwa uzi. Na wengine aliwauliza moja kwa moja: uzi ulioshika kifungo ulikuwa wa rangi gani? Walioachwa waandike wenyewe walikosa kidogo kuliko wote. Walioulizwa rangi ya uzi walikosa kuliko wote. Tena hawakuwa wakibahatisha kwa kicheko. Walikuwa na yakini. Binet akaandika kwamba anayetaka kweli kwa mtoto asimwulize maswali, bali amwache aandike anayoyakumbuka. Hivyo mjue kwamba kalamu mnayojifunza kuishika ina kazi nyingine zaidi ya kuandika barua.

Huko Ujerumani nako palikuwa na shauku ya mambo haya. Mwaka 1901, mjini Berlin, profesa wa sheria Franz von Liszt alikuwa akizungumza na wanafunzi wake. Ghafula wawili wakaanza kugombana. Mmoja akasema neno, mwingine akamjibu kwa ukali, ngumi ikakunjwa, bastola ikatolewa. Profesa akaingia kati, bastola ikalia. Watu wote wakataharuki. Kumbe ulikuwa mchezo, umepangwa tangu mapema, neno kwa neno. Wanafunzi wakatakiwa waeleze, wengine papo hapo, wengine baadaye. Hakuna aliyeeleza bila kosa. Wengine walitia maneno katika vinywa vya watu waliokuwa kimya tangu mwanzo hata mwisho. Na hao walikuwa watu wanaosomea sheria, ambao kesho wangekaa katika viti vya mahakimu!

Mjerumani mwingine, William Stern, akalifuata jambo hilo kwa miaka kadhaa. Aliwaonyesha watu picha, kisha akawataka wasimulie, na baada ya hapo akawauliza maswali. Akaona tofauti kubwa. Katika kusimulia mtu hasemi mengi, lakini makosa ni machache. Katika kuulizwa anasema mengi, na makosa yanaongezeka sana. Tukitafuta maneno mengi tutayapata, ila na makapi yake.

Mpaka hapa mtaona kama michezo ya maprofesa. Lakini katika miaka ya 1910 na 1911 kulikuwa na kesi Ubelgiji ambayo haikuwa mchezo hata kidogo. Mtoto wa kike aliuawa. Mtu mmoja alishtakiwa, na sehemu kubwa ya ushahidi juu yake ilitoka katika vinywa vya watoto wadogo waliokuwa wameulizwa mara nyingi, na watu wengi, kwa maswali mazito. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Julian Varendonck, aliitwa upande wa utetezi. Badala ya kutoa hotuba alikwenda shuleni. Akawapanga walimu wawaulize watoto wa miaka saba: ndevu za mwalimu fulani, mnayemwona hapa shuleni kila siku, zina rangi gani? Watoto walikuwa 18. Kati yao 16 walitaja rangi. Mwalimu yule hakuwa na ndevu.

Hayo ndiyo aliyoyapeleka mbele ya baraza. Fikirini kidogo. Mtoto anamjua mwalimu wake. Amemwona jana, amemwona leo. Hata hivyo swali la mtu mkubwa lilimtosha kumwotesha mwalimu ndevu. Itakuwaje kwa mgeni aliyemwona mara moja, jioni, njiani?

Wakati huo Marekani alikuwako Mjerumani aliyehamia, Hugo Münsterberg, profesa wa Harvard. Mwaka 1908 alitoa kitabu kilichowaambia wanasheria waziwazi kwamba hawajui lolote juu ya kumbukumbu ya shahidi, na kwamba wangefaa kuja kujifunza kwake. Neno lenyewe lilikuwa na kweli ndani yake. Namna ya kulisema ilikuwa ya kujivuna. Mwaka uliofuata mwanasheria mashuhuri John Henry Wigmore akamjibu kwa dhihaka, akaandika kesi ya kubuni ambamo profesa anashtakiwa na wanasheria kwa kuwakashifu, naye anashindwa. Watu walicheka sana. Mimi nadhani Wigmore hakukosea kabisa: ushahidi wa kitaalamu ulikuwa bado mchache. Lakini hasara ya kicheko kile ni kwamba kwa miaka mingi baadaye wanasheria na wataalamu wa nafsi hawakuzungumza sana juu ya jambo hili. Na katika miaka hiyo yote watu waliendelea kufungwa kwa neno la aliyeona.

Sasa twende mbele kwa hatua ndefu, mpaka mwaka 1974, mjini Seattle, Marekani. Hapa nitakaa kidogo.

Mwanamke mmoja, Elizabeth Loftus, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, alishirikiana na John Palmer kufanya majaribio mawili. Katika la kwanza waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi saba za ajali za motokaa. Kila baada ya filamu waliwauliza maswali, na moja tu ndilo waliloltaka hasa: motokaa zilikuwa zikienda kwa mwendo gani? Ila hawakuliuliza kwa neno moja. Waliligawa darasa mafungu matano ya watu tisa tisa. Fungu moja waliliuliza kwa neno kali la Kiingereza, kama sisi tunavyosema, "zilipopondana." Fungu jingine kwa neno la kawaida, kama "zilipogongana." Na jingine kwa neno pole, kama "zilipogusana." Mengine mawili yalipewa maneno ya katikati.

Filamu ni zile zile, macho ni yale yale. Walioulizwa kwa neno "zilipopondana" walisema, kwa wastani, zaidi ya maili 40 kwa saa. Waliosikia "zilipogongana" walisema maili 34. Waliosikia "zilipogusana" hawakufika hata maili 32. Neno moja tu, na tofauti ni karibu maili 9.

Na kuna jambo dogo katika taarifa yao ambalo watu hulipita bila kulitazama. Baadhi ya filamu zile zilitengenezwa kwa makusudi, na mwendo wa kweli ulijulikana. Katika moja motokaa ilikwenda maili 20 tu. Watazamaji walikisia karibu 38. Katika mbili mwendo ulikuwa maili 40. Wakakisia 36 kwa moja na karibu 40 kwa nyingine. Yaani hatujui kuupima mwendo kwa macho. Na mahali asipojua, mtu hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu kuliko vyote ni neno la mwenye kuuliza.

Mbishi atasema: hao hawakukumbuka vibaya, walitaka tu kumridhisha mwalimu. Loftus na Palmer walilifikiri hilo, ndiyo maana wakafanya jaribio la pili. Wanafunzi 150 walitazama filamu isiyozidi dakika moja. Ajali yenyewe ndani yake ilikuwa ya sekunde nne. Hamsini waliulizwa mwendo kwa neno "zilipopondana," hamsini kwa neno "zilipogongana," na hamsini hawakuulizwa mwendo kabisa. Wakaenda zao. Baada ya juma moja wakarudi. Hawakuonyeshwa filamu tena. Wakapewa maswali mapya, na moja lilisema: Je, uliona vioo vilivyovunjika?

Katika filamu havikuwamo vioo vilivyovunjika. Katika wale hamsini ambao hawakuulizwa mwendo, 6 walisema waliviona. Katika wale wa "zilipogongana," 7. Katika wale wa "zilipopondana," 16.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, basi sikilizeni kwa makini. Swali la juma lililopita halikutaja vioo. Lilitaja neno kali tu. Lakini lile neno liliingia katika kumbukumbu likakaa humo siku saba, na kwa watu wengine likajenga kitu kinachofaa kukaa nalo. Ikiwa magari yamepondana, vioo vitakosaje kuvunjika? Aliyesema aliona vioo hakusema uongo. Mwongo anajua kweli na kuificha. Huyu hakuwa na kweli nyingine moyoni mwake zaidi ya ile aliyoisema, na mbele ya hakimu angeapa bila kutetemeka.

Msiondoke hapa mkidhani kila shahidi ni bure. Hata katika wale waliosikia neno kali, 34 kati ya 50 walisema hapana, hatukuona vioo. Lakini wewe uliyesimama kizimbani hujui kama shahidi aliyekuja juu yako ni mmoja wa wale 34 au mmoja wa wale 16.

Mwaka 1975 Loftus aliendelea. Katika jaribio moja aliwaonyesha watu 150 filamu ya motokaa, kisha nusu yao akawauliza ilikuwa ikienda kwa mwendo gani ilipolipita banda la shamba. Banda halikuwapo. Nusu nyingine waliulizwa mwendo tu. Baada ya juma moja waliulizwa wote kama waliona banda. Katika nusu ya pili, yaani watu 75, wawili walisema waliliona. Katika nusu ya kwanza, 75 vilevile, walikuwa 13. Swali lile halikuuliza habari za banda. Lilipita kando yake tu kana kwamba kila mtu analijua, na hivyo ndivyo linavyoingia bila kubisha hodi.

Mwaka huo huo, pamoja na Guido Zanni, alijaribu jambo dogo zaidi. Kiingereza kina vijineno viwili vya kutangulia jina la kitu: kimoja kwa kitu kisichojulikana bado, kingine kwa kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua. Aliuliza juu ya taa ya motokaa iliyovunjika, akibadilisha kijineno hicho tu. Walioulizwa kana kwamba taa hiyo inajulikana walisema "niliiona" mara nyingi zaidi, hata pale ambapo haikuwapo.

Ninyi mtasema Kiswahili hakina vijineno hivyo. Ni kweli. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni sentensi hizi mbili:

Uliona kisu?

Ulikiona kisu?

Someni wote kwa sauti. Tofauti ni herufi mbili, k na i. Lakini sikieni zinavyofanya kazi. Ya kwanza inauliza kama kisu kilikuwapo. Ya pili imekwisha kukubali kwamba kisu kilikuwapo, tena mimi na wewe twakijua. Inauliza tu kama macho yako yalikifikia. Ongeza maneno mawili, "Ulikiona kile kisu chake?" na sasa kisu kina mwenyewe. Shahidi hajafungua kinywa bado! Sisi tunaozungumza Kiswahili tangu utotoni hatuzisikii herufi hizo mbili, kama tusivyousikia moyo wetu ukidunda. Ndiyo sababu nataka muzione zimeandikwa.

Kuna na jambo la mkalimani. Kwa miaka mingi katika mahakama kubwa za nchi yetu kumbukumbu za kesi ziliandikwa kwa Kiingereza, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Wakili aliuliza kwa Kiingereza, mkalimani akageuza, shahidi akajibu, mkalimani akageuza tena. Neno pole laweza kuwa kali njiani, na mkalimani hana nia mbaya. Na mahali pengi shahidi mwenyewe anafikiri kwa lugha ya kwao, ambayo ina maneno yake mengine ya kugonga na kugusa.

Wataalamu wamebishana kama kumbukumbu ya kwanza inafutika kabisa au imefunikwa tu. Mwaka 1985 Michael McCloskey na Maria Zaragoza walipinga kwa hoja nzuri kwamba haifutiki. Kwa mtu anayehukumiwa tofauti hiyo haimsaidii sana.

Basi kumefanywa nini? Katika miaka ya 1980 Wamarekani wawili, Ronald Fisher na Edward Geiselman, walitengeneza namna ya kumhoji shahidi ambayo msingi wake Binet angeutambua mara moja: mwache aseme. Mwambie arudi kwa mawazo yake mahali pale, aseme kila kitu hata kinachoonekana hakina maana, wala usimkatize. Walisikiliza mikanda ya polisi wa Florida wakihoji mashahidi, wakatoa habari zake mwaka 1987. Polisi alimwambia shahidi aeleze, kisha kwa wastani baada ya sekunde 7 au 8 akamkatiza kwa swali. Hesabuni sekunde nane kwa vidole muone shahidi alipata nafasi gani. Uingereza ilianza mwaka 1992 kuwafundisha polisi wake njia mpya, inayofanana na hiyo.

Sasa rudini kwenye ile sheria ya mwaka 1872. Inamlinda shahidi akiwa ndani ya mahakama. Lakini shahidi afikapo mahakamani amekwisha kuulizwa mara ngapi? Aliulizwa na watu waliokimbilia mahali pa ajali. Akaulizwa na mkewe usiku ule. Akaulizwa na shangazi wa aliyeumia, ambaye alikuwa analia, naye hakusema "zilipogusana." Akaulizwa na askari aliyetaka kumaliza kuandika. Siku hakimu anapomkataza wakili asimwongoze, huenda shahidi ana miezi sita tangu aongozwe. Hapo wanaohusika si wanasheria tena. Ni sisi, tunaokimbilia ajali na kuuliza, "Ehe, yule dereva mlevi alitokea wapi?"

Muda wetu unakwisha. Kwa juma lijalo, kila mmoja atafute mtu aliyeona jambo, hata kuku kuibwa, amwambie neno moja tu, "Nieleze," kisha anyamaze. Aandike mistari mitatu ya aliyoyasikia. Asiyeweza mistari mitatu aandike mmoja.

Mwalimu, sasa fungua zile karatasi, uzisome moja moja kwa sauti bila kutaja majina. Andika ubaoni ni wangapi walisema nyeusi, wangapi nyeupe, wangapi nyekundu. Kisha mwite yule mtu aingie tena na kikapu chake. Nilikuomba katika barua kwamba asivae kitu kichwani.